Kemo Sita na Mbwa wa Watu

Kama nawe umewahi kuitwa kwenye kile chumba kidogo chenye viti vya kitambaa na boksi la tishu mezani, basi tunajuana. Mie nilijua nina kansa nilipoliona lile boksi, kabla daktari hajafungua mdomo. Vyumba vingine vyote vya hospitali ile vina viti vya plastiki. Ukiona wamekukalisha kwenye kitambaa, jua kuna jambo.

Sikuandika haya kukufundisha dawa. Dawa wanazijua wenyewe, na kila mgonjwa hupewa zake. Nimeandika kwa sababu katika vile vijitabu vyote nilivyobebeshwa, vya nywele, vya chakula, vya usingizi, hakuna hata kimoja kilichoniambia kuwa nitashikwa na wivu. Na si wivu wa kumtazama mwanamke mwenzangu mzima wa afya anayekimbilia basi, ingawa huo nao niliupata. Mie nilimuonea wivu mbwa. Cheka, nakuruhusu. Wakati ule mwenzio sikucheka hata kidogo.

Jina langu Zuwena. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa London kuolewa, na hapa Woolwich nina zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa mpishi wa kantini ya shule. Mume wangu, Mbarouk, alikuwa dereva wa basi, na mwaka ule alikuwa ameshastaafu. Mtoto wetu ni mmoja, Nasra, msichana aliyezaliwa hapa, anayefahamu Kiswahili chote mpaka cha kusengenywa, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Maneno yake humu nimeyageuza mwenyewe.

Nasra alikuwa amejiandikisha na jumuiya moja inayookoa mbwa walioteswa. Kazi yenyewe ni kumchukua mbwa mwenye hofu, kukaa naye nyumbani, kumzoesha watu na milango na kelele, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Alijiandikisha wakati wa joto bila kutwambia, akidhani hawatomwita. Wakamwita wiki ileile niliyopewa tarehe ya kemo ya kwanza, ile dawa ya kansa ya kutiwa mshipani, majani ya mtaani kwetu yameanza kupukutika.

"Mbwa!" nilisema. "Ndani ya nyumba tunayosali!"

"Mama, ni wiki mbili tu. Alikuwa kafungiwa kibandani maisha yake yote. Hana pa kwenda."

"Na mie nina pa kwenda?"

Baba yake alikuwa anakunywa chai. Nilitegemea atakataa, maana mtu huyu paka akimpitia mguuni anaruka. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Chumba cha nyuma kina mlango wake. Akae huko. Juu hapandi, na vyombo vyake mbali na vyetu." Wiki mbili hizo zikawa miezi tisa.

Aliletwa ndani ya boksi la plastiki lenye matundu. Jike, rangi ya tende mbivu, mbavu zinahesabika, sikio moja limekatika ncha. Walipofungua mlango wa boksi akapenya nyuma ya mashine ya kufulia, akakaa huko siku tatu. Yule bibi wa jumuiya aliyemleta akatupa masharti. Msimtazame machoni. Msimwite, msimwinamie. Kaeni chini karibu naye, mpeni mgongo, msubiri. Akija, aje mwenyewe.

Nasra ndiye aliyetakiwa kufanya hayo. Lakini mwezi uleule akapata kazi kwenye ofisi ya bohari moja kule Hayes, safari ya kuvuka London nzima, anatoka hakujapambazuka na kurudi kachoka. Kwa hiyo mbwa akabaki kwa baba yake. Na mie nikabaki na nani? Ndilo nililokuwa nikijiuliza.

Kemo ya kwanza Mbarouk alinipeleka. Kuna ukumbi wenye viti vya kuegemea, kila mtu na dripu yake, mashine zinalia kwa zamu. Nesi akaniuliza tarehe ya kuzaliwa mara tano, kama vile ningeibadilisha. Mbarouk alikaa pembeni yangu akatazama viatu vyake saa nne nzima. Hakunishika mkono. Hakuniuliza kama inauma. Tulipofika nyumbani nikapanda juu kulala, naye akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Baadaye nikateremka kutafuta maji, nikamuona.

Alikuwa amekaa chini sakafuni. Mbarouk, mwenye magoti mabovu, ambaye kandambili zangu zikiingia chini ya kitanda ananiambia nichukue ufagio. Kakaa sakafuni, kaipa mgongo mashine ya kufulia, anasema kwa sauti ambayo sikupata kuisikia. "Tende. Tende wangu. Hapa hakuna mtu atakayekugusa. Kaa tu. Nami nimekaa."

Tende wangu! Kishampa na jina. Mie miaka thelathini na moja ya ndoa naitwa Mama Nasra, na kabla ya Nasra nilikuwa "wee". Nikarudi juu bila maji.

Kemo ya pili nywele zikaondoka. Niliambiwa zitaondoka, lakini kuambiwa na kushika bonge zima la nywele zako bafuni ni mambo mawili. Mbarouk akapita mlangoni, tukatazamana. Nikajifunika kanga kichwani nikageukia ukutani. Alisimama kidogo, halafu nikasikia miguu yake inateremka ngazi. Tangu siku hiyo hakunitazama tena usoni. Akiniletea chai anaiweka huku anatazama dirisha. Nikajiambia nimemchusha, nimekuwa kitu cha kutisha.

Kisha kucha zikaanza kuwa nyeusi na kuachana na nyama. Mdomoni kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Asubuhi moja nilijilazimisha nikala uji vijiko sita, na kwangu vijiko sita vilikuwa ushindi. Hakuna aliyesema neno. Mchana wa siku hiyohiyo nikasikia mume wangu anapiga kelele toka chini, nikadhani nyumba inaungua.

"Kala! Mama Nasra, kala! Kala mkononi mwangu!"

Nilimuonea wivu yule mbwa mpaka taya zikaniuma.

Kwenye friji tulikuwa na karatasi mbili. Moja yangu, ya tarehe za hospitali. Moja ya Tende, ya maendeleo yake: katoka nyuma ya mashine, kakubali mkanda, kasikia kengele ya mlango hakukojoa. Nasra alikuwa akibandika nyota za dhahabu kwenye karatasi ya mbwa, zile wanazopewa watoto wa chekechea. Nikawa kila nikipita nazihesabu. Sikupata hata nyota moja.

Wageni nao wakapungua. Shoga yangu Bi Rukia, ambaye hajapata kukosa nyumba ya mgonjwa, akawa anaishia kwenye geti. "Zuwena, mwenzangu, mie nina udhu!" anapiga ukelele, ananyoosha bakuli la supu juu ya ukuta, anatimua. Nikamwambia Mbarouk, "Ona sasa. Nimeletewa mke mwenza wa miguu minne, na watu wananikimbia kwa ajili yake."

"Mke mwenza gani," alisema, akitazama dirisha. "Mnyama huyu ni wa watu. Ataondoka."

Tena huyo Mbarouk usidhani alikuwa kasahau dini. Sisi kwetu, mbwa akikulamba pale mahali panaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Basi alikwenda dukani akanunua mfuko wa udongo wa bustani, akaujaza kwenye kopo tupu la rangi, akaliweka nje karibu na bomba. Kila akitoka kwa Tende utamsikia huko: moja, mbili, tatu, kwa sauti, kama anapandisha abiria. Mikono yake ikapauka kwa kuoshwa. Mie alinikataza kusogea. "Wewe huku usije, umeambiwa na wenyewe."

Kweli nilikuwa nimeambiwa. Nesi aliniandikia orodha. Usile mayai mabichi, usikae na mwenye mafua, usishike bustani wala udongo, kwa sababu mwili wakati ule hauna cha kujikingia. Na joto la mwili likipanda, piga simu hii papo hapo. Nilikuwa na kadi yenye namba hiyo ndani ya pochi, pamoja na picha ya mama yangu.

Kemo ya nne ilikuwa katikati ya baridi kali. Mbarouk alinifikisha mlangoni akarudi, kwa sababu siku hiyo bibi wa jumuiya alikuwa anakuja kumkagua Tende. Kwenye chumba cha kungojea alikaa karibu yangu bibi mmoja wa Kijamaika, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akanipa pipi ya tangawizi. Nakwambia, ndicho kitu cha kwanza baada ya miezi kilichokuwa na ladha yake yenyewe. Akaniuliza kama nina mtu nyumbani.

"Nina mume," nilimwambia. "Na mume wangu ana mbwa."

Alicheka mpaka akakohoa, nami machozi yakanitoka. Akanijazia pipi mfukoni, tano au sita, nikazila mojamoja mpaka wiki iliyofuata. Ukimkuta mtu kama huyo kwenye kile chumba, usione haya, pokea.

Sasa nifike kwenye jambo la aibu.

Siku kumi baada ya kemo hiyo ilikuwa Ijumaa. Mbarouk kaenda msikitini, Nasra yuko Hayes. Nimelala namsikia yule mbwa anatembea chini, kucha zake zinagonga sakafu. Wazo likaniingia, na lilikuwa wazo la hasadi tupu. Nitamchukua. Nitamfanya anipende mie zaidi, halafu tuone Mbarouk atakaa sakafuni na nani.

Nikateremka. Kwenye sufuria kulikuwa na kuku wa kupaka wa jana. Nikachukua kipande, nikafungua mlango wa chumba cha nyuma, nikakaa chini. Nilikuwa nimeyaona masharti yote kwa kumchungulia Mbarouk. Nikampa mgongo, nikanyoosha mkono nyuma, nikasubiri. Nilisubiri muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikasikia pumzi ya joto kiganjani. Kuku akaondoka. Halafu ulimi ukaja, ukapita vidole vyote, katikati ya vidole, mpaka chini ya ile kucha iliyoachana na nyama, ukitafuta nazi.

Nilifurahi, sikufichi, furaha ya mtu aliyemnyang'anya mwenziwe kitu. Ilikuwa pia mara ya kwanza baada ya miezi kuguswa na kiumbe ambaye hakuvaa glovu.

Kisha nikakumbuka sala. Nikatoka nje kwenye bomba, baridi inakata. Mtu mzima, mpishi wa miaka mingi, mwenye orodha ya nesi kwenye friji na kadi kwenye pochi. Nikachota udongo kwenye lile kopo la rangi, nikausugua mkono, na vidole, na ile kucha iliyo wazi, vizuri kabisa, isibaki najisi. Nikamalizia maji mara sita. Nikafuta matone, nikapanda juu, nikasali. Sikumwambia mtu.

Jumapili kabla ya adhuhuri nikaanza kutetemeka. Meno yanagongana, mablanketi matatu hayasaidii, kidole kimevimba na kuwaka. Nasra akaniwekea themomita, akatazama, akapiga namba ya kwenye kadi. Ambulensi ikaja. Nakumbuka dari ya gari, na Mbarouk anavaa kanzu juu ya pajama.

Wakaniweka chumba cha peke yangu. Daktari kijana akakitazama kile kidole akauliza nimeshika nini. Kabla sijajibu Nasra akasema, "Kuna mbwa nyumbani." Akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyemleta. Mimi ndiye."

Wote wakanitazama. Na mie, Mungu anisamehe, nikafumba macho nikajifanya nimesinzia.

Nililala na uongo huo siku mbili. Dawa zinaingia mshipani, homa inashuka kidogo, inapanda tena. Siku ya tatu Mbarouk akaingia, akavua kofia.

"Nimewapigia simu wale watu wa mbwa," alisema. "Wanakuja kumchukua Alhamisi."

Alisema vivi hivi, kavu. Hakusita, hakuomba, hakusema masikini Tende. Hapo ndipo niliposhinda. Nilichokuwa nikikitaka tangu majani kupukutika kilikuwa mbele yangu: kachaguliwa mmoja kati yetu, na aliyechaguliwa ni mie. Nilistahili kulala usingizi mtamu. Lakini akilini nililiona lile boksi lenye matundu, na mbwa anasukumwa ndani yake, na nyota zake kwenye friji.

Mbarouk akavuta kiti. Akakigeuza ubavu, akakaa akitazama ukuta, bega lake karibu na goti langu. Nikapandwa na hasira juu ya homa.

"Hata hapa huwezi kunitazama? Nimekuwa mbaya kiasi hicho?"

Hakugeuka. "Siku ile nywele zilipotoka," alisema, "nilikutazama. Ukajifunika, ukageukia ukutani. Nikasema basi, huyu hataki kutazamwa. Yule bibi alisema asiyetaka kutazamwa usimtazame. Ukae karibu, usubiri."

"Bibi yupi?"

"Bibi wa mbwa."

"Wallahi! Mie umenifanya mbwa, Mbarouk?"

"Sasa ningefanyaje? Mbwa akinuna nimeelezwa la kufanya. Wewe ukinuna, Zuwena, sijaelezwa na mtu. Nimekaa kwenye ngazi nje ya mlango wako miezi, mgongo ukutani. Hukuja."

Jina langu. Nililisikia likatoka kinywani mwake, nikalia kama mtoto mdogo. Nikamwambia yote. Kuku, ulimi, kopo la rangi, kucha. Kwamba si Tende aliyenitia hospitali, ni wivu wangu na udongo wa dukani.

Nilidhani atanikumbatia. Wapi! Alisimama akafoka mpaka nesi akachungulia. "Udongo! Na kidole kiko wazi! Ungekufa! Ungekufa, mwanamke, ukaniacha na nani? Kwa wivu wa mbwa!" Halafu akakaa, akanitazama. Usoni, kichwa kikiwa wazi, kanga imeanguka. Alinitazama mpaka mie ndiye niliyeona haya.

Kisha akatoka akamwita nesi, akanilazimisha nirudie yote kwa Kiingereza. Daktari akarudi mbio, akaniuliza ni udongo gani, lini, kiasi gani, akabadilisha dawa moja ya mshipani. Siku mbili baadaye homa ikakatika. Hili ndilo ninalokuomba ulishike hata kama mengine utayasahau: waambie kweli. Aibu ingeniua mie, na ilikuwa kwa jambo la dakika tano kwenye bomba.

Mbarouk alipiga simu mbili ukumbini. Ya kwanza kwa wale watu, kuwaambia wasije. Ya pili kwa sheikh wetu, ambaye alisikiliza kisa chote kisha akasema kama udongo unamdhuru mgonjwa atumie sabuni, dini haikumtaka mtu ajiue kwenye kopo la rangi. Kopo likatupwa. Na tangu nilipotoka hospitali Mbarouk hakuniachia tena kwenda bombani peke yangu. Tende akinilamba, ananivuta mkono mpaka kwenye sinki, maji ya vuguvugu, sabuni, anaosha mwenyewe, anahesabu.

Sikwambii kuwa wivu ulikwisha. Kemo ya tano nilimkuta anamkatia Tende kucha kwa upole, nikamwambia, "Na zangu?" Akasema, "Zako zimebaki?" Tukacheka mpaka Nasra akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, akaenda kwenye friji akabandika nyota kwenye karatasi yangu, moja kwa kila kemo. Nilijifanya nimeudhika.

Kemo ya sita ikaisha maua ya manjano yametoka bustanini. Ikafuata mionzi, wiki tatu, kila siku isipokuwa mwisho wa wiki, ngozi ya kifuani inakuwa kama iliyounguzwa na pasi. Nikitoka huko tunakwenda na Tende matembezini, mie na kofia yangu, yeye na mkanda wake, Mbarouk katikati. Tulikuwa na hofu moja. Pikipiki ikipita kwa kishindo tunaruka pamoja. Yeye alijifunza kabla yangu kutoruka.

Kisha wakaanza kuja watu wa kumtaka. Wa kwanza walikuwa vijana wawili wa Kiingereza, mke na mume, wapole, wameleta na mpira. Wakamwita kwa sauti tamu. Tende akarudi nyuma ya mashine ya kufulia. Wakamwambia akae, akawatazama tu. Nasra akashika kichwa.

"Baba, umemsemesha lugha gani miezi yote hii?"

"Lugha ya nyumbani," alisema Mbarouk. "Kwani nyumba hii ina lugha gani?"

Mbwa wa London hajui neno la Kiingereza! Nikamuona Mbarouk anatabasamu chini chini, anadhani hakuna atakayemchukua. Nami nilitabasamu hivyohivyo, nikiwa nimempa mgongo ili asinione.

Mwanzo wa joto akaja Bi Hansa kutoka Harrow. Mama wa Kihindi, mjane, mzaliwa wa Kisumu, sari na koti la mvua. Nasra alikuwa amempata baada ya kuuliza huku na huku, bila kutwambia, kama kawaida yake. Bi Hansa hakumtazama mbwa. Alikaa chini sakafuni, mtu wa umri ule, akatoa pumzi.

"Haya, pole, mama. Pole," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Kuja tu polepole. Mimi pia niko peke yangu kwa nyumba."

Tende akatoka nyuma ya mashine. Akatembea mpaka kwake, akaweka kidevu juu ya goti la sari. Dakika hazikufika tano. Mbarouk wiki tano zilimchukua kufika hapo.

Hee, wivu nilioupata! Nikadhani nishapona kumbe wapi. Nikamhoji kama mkwe. Utampikia kuku? Akasema yeye hali nyama maisha yake yote, lakini mtoto atapikiwa. Ukisali je, atakuwa wapi? Atalala mlangoni pa chumba cha miungu. Una ngazi? Maana huyu hapandi ngazi. Bi Hansa alijibu yote kwa utulivu, akawa hatazami mbwa bali ananitazama mie, kichwa changu chenye nywele fupi kama za kifaranga. "Dada," akasema, "nitakutumia picha kila wiki."

Hutuma kweli. Naandika haya na skani ya mwisho imekuja safi, nywele zimerudi na mawimbi ambayo sikuwa nayo ujanani, na simu inalia. Tende kwenye zulia. Tende na taji la maua shingoni. Tende kalalia miguu ya Bi Hansa. Hiyo ya mwisho siipendi, na Mbarouk haipendi kunishinda.

Siku aliyoondoka, gari la Bi Hansa likasimama getini. Mbarouk alimpandisha kiti cha nyuma mwenyewe, akamfunga mkanda, akamwambia maneno sikioni, kwenye lile sikio lililokatika. Nikasogea kuaga. Nilikuwa nimekusudia kusema tu. Lakini Tende akanyoosha shingo akanilamba mikono, wa kulia na wa kushoto, taratibu, juu na chini. Mlango ukafungwa.

Tukabaki getini mpaka gari likapinda kona. Bi Rukia alikuwa anatoka kwake, akatupungia kwa mbali, akauliza kama sasa anaweza kuja. Tukamwambia njoo kesho.

Mbarouk akaingia ndani, nami nyuma yake. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya, mashine ya kufulia imesimama peke yake. Alisimama akiitazama. Nikasema moyoni, sasa huyu atakaa tena sakafuni, na sitomsema. Akageuka.

"Zuwena," aliniambia. "Lete mikono."

Akafungua maji, akayapima kwa kiwiko. Akatia sabuni. Akanishika mikono yote miwili, akawa anaosha kidole baada ya kidole, na kile chenye kucha mpya akakipitia kwa kidole gumba. Alikuwa akihesabu kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia sakafuni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Maji yanapita. Hakuniachia.

Akaanza tena. Moja.